Nywele za Mnyama Gani?

Mzee aliushika mkono wangu kabla burashi haijagusa shavu lake. Hakunisukuma. Alinishika tu taratibu, kama mtu anavyomzuia mtoto asivuke barabara, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hii burashi ni ya nywele za mnyama gani?"

Ndugu msomaji, mimi nimemaliza kidato cha nne hapa hapa Karagwe. Historia nilipata alama nzuri. Nina nusu ya riwaya kwenye daftari, ambayo mpaka leo imesomwa na watu wawili, na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Ukiniuliza vita vya Majimaji vilianza mwaka gani nakujibu papo hapo. Lakini siku ile nilisimama na povu linadondoka kwenye vidole, sijui nimjibu nini. Nikasema upuuzi: "Ni ya kawaida tu, waitu."

"Ya kawaida haitoshi," akasema. Mzee huyu ni Mwislamu, mtu mpole, hana tabia ya kubishana na vijana. Akanieleza bila hasira. Kama nywele zile ni za nguruwe, basi hapo hapahitaji maelezo. Na kama ni za mnyama mwingine aliyekufa bila kuchinjwa, wao katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wamesomeshwa kwamba nywele za mzoga nazo ni najisi. Madhehebu mengine yanasema vingine, lakini yeye ndivyo alivyosomeshwa, na atatoka hapa kwenda kuswali. "Nipake kwa mkono tu," akamaliza. Nikampaka kwa mkono, nikamnyoa, akalipa, akaniombea dua, akaondoka. Mimi nikabaki nimeishika ile burashi naiangalia kama ndiyo kwanza naiona.

Kibanda chetu kipo Bugene, kando ya barabara ya kwenda Kayanga. Alikianzisha Babu yangu mzaa baba, na macho yake yalipoanza kupoteza nguvu akanikabidhi kiti, kioo, mikasi miwili na burashi. Yeye sasa anakaa nje kwenye benchi na redio yake, anasalimiana na wapita njia na kunisahihisha mimi kwa sauti kubwa mbele ya wateja. Vijana wanaokuja wanataka mashine. Wazee wanataka wembe na povu. Umeme ukikatika, wote wanakuwa wazee. Kwa hiyo burashi kwetu si pambo, ni ugali wetu.

Na hiyo burashi ya Babu ilikuwa inakufa. Kila asubuhi iliacha nywele mbili tatu kwenye mashavu ya watu. Binamu yangu anayeendesha lori la kahawa nilimwagiza aniletee nyingine, naye, kwa kuwa hajui kuchagua, akaniletea mbili kutoka Kampala. Moja ina mpini mweupe kama pembe, na chini yake yamechapwa maneno ya Kiingereza kwamba ni nywele halisi za baja. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya mwenzake. Ya pili ni ya nyuzi za kiwandani, plastiki tupu, ingawa zimetiwa rangi nyeusi na nyeupe ili zifanane na ile ya kwanza. Niliziweka zote mbili chini ya kioo nikasema nitaamua kesho. Kesho yenyewe ikaja kuwa miezi miwili, maana nilianza kuulizauliza na kusoma, na kila nilichokipata kilinipeleka mbali zaidi na Bugene, halafu kikanirudisha.

Tuanzie nyumbani kwanza. Huku kwetu wembe ni mkubwa kwa umri kuliko burashi, tena mno. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery, waliokuwa wakifanya uchunguzi upande wa Buhaya, walitangaza kwamba wahunzi wa magharibi ya Ziwa Victoria walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kwenye tanuri za udongo miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Karagwe nayo ilikuwa nchi ya wahunzi. Pale Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika, chuma kilikuwa sehemu ya vitu vya ufalme wenyewe, si majembe na mikuki tu. Kwa hiyo wembe wa mhunzi haukuwa kitu cha ajabu. Watu walinyoa, walinyolewa, na msiba ulipokwisha vichwa vilinyolewa. Maji na mkono vilitosha. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861 walikuwa wamejifugia ndevu zao, kwa hiyo hata kama tungetaka kujifunza burashi kwao, wapi!

Burashi ilikuja baadaye, pamoja na sabuni ya dukani, kambi za jeshi na mashule. Babu aliinunua ya kwake katika duka la Mhindi mjini Bukoba mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Huo mwaka ana hakika nao kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, nchi nzima ilikuwa inazungumza Ujamaa na Kujitegemea, na yeye akawa anajitegemea na burashi. Muuzaji alimwambia ni burashi ya mabwana wa Uingereza, itamzika. Hakumwambia ni ya mnyama gani, na Babu hakuuliza.

Aliyemwambia alikuwa mgeni. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia mkoa wetu wa Kagera kwa malaki, wengi wao Ngara na wengine katika kambi za huku Karagwe, kinyozi mmoja wa Kinyarwanda alikuwa akija kukaa na Babu kwenye benchi lile lile. Alipoiona burashi akaiita "blero". Kifaransa, akasema. Babu akadhani ni jina la chombo. Ndiyo, ni jina la chombo, lakini pia ni jina la mnyama. Wafaransa burashi ya kunyolea na baja huwaita kwa neno moja, kwa sababu tangu zamani hiyo ya baja ndiyo waliyoihesabu kuwa burashi. Yule kinyozi aliondoka na wenzake Desemba 1996 waliporudishwa kwao. Neno lake likabaki kwa Babu miaka yote hiyo, naye akalitoa siku nilipomsimulia habari za yule mzee Mwislamu. Angelitoa mapema angeniokoa na aibu, lakini ndivyo wazee walivyo, anayejua husubiri aulizwe.

Baja ni nani basi? Mimi nilidhani ni nyegere, yule mwizi wa asali ambaye wafuga nyuki wanamlaani. Si yeye. Wana ukoo mmoja wa mbali, lakini baja ni wa Ulaya na Asia, mnyama mnene wa miguu mifupi, uso mweupe wenye michirizi miwili meusi, anachimba mashimo marefu, anatoka usiku kula minyoo. Unywele wake mmoja una rangi tatu: mwanga kwenye shina, mweusi katikati, mweupe nchani. Unashika maji vizuri na ncha yake ni laini. Ndiyo maana ulipendwa. Huko Uingereza baja analindwa na sheria, ya karibuni zaidi ikiwa ya mwaka 1992, kwa hiyo hata burashi iliyotengenezwa London nywele zake hazikutoka kwenye mashimo ya pale. Nyingi siku hizi zinatoka China. Maneno yaliyochapwa kwenye mpini yanakuambia mnyama. Hayakuambii alikufaje wala nani alimshika.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Mwaka 1915 sisi huku tulikuwa koloni la Mjerumani. Juni mwaka huo majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakaushambulia mji wa Bukoba, yakabomoa mtambo wa simu ya upepo, yakapora, yakaondoka. Hiyo tulifundishwa shuleni, kwa kifupi. Ambayo hatukufundishwa ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya vita, huko Uingereza na baadaye Marekani, madaktari wa jeshi walianza kuona jambo wasiloweza kulielewa. Kijana mzima, hajafika hata kwenye mapigano, anatokewa na kipele shingoni au kwenye taya. Hakiumi sana. Kesho yake kimevimba, katikati kimegeuka cheusi ti, kama kipande cha mkaa. Uso unajaa. Homa inapanda. Baadhi yao walikufa.

Ugonjwa wenyewe waliutambua. Ulikuwa kimeta. Hata jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya makaa, kwa sababu ya kile kidonda cheusi. Ila kimeta ni ugonjwa wa ng'ombe, kondoo, mbuzi na farasi, na binadamu wanaoupata huwa ni wachungaji, wachinjaji, wachuna ngozi na wale wa viwanda vya sufu. Vijana hawa walikuwa makarani na wauza duka waliovalishwa magwanda juzi. Umewahi kuchinja? Hapana. Unafuga? Hapana. Kazi ya ngozi? Hapana. Mpaka alipotokea mtu akauliza kuhusu kunyoa. Ndiyo, kila siku, amri ya jeshi. Na burashi je? Mpya, nimenunua juzi juzi. Burashi zikapelekwa maabara, na humo wakawakuta vijidudu vya kimeta wamelala kwenye nywele.

Ilikuwaje? Kabla ya vita nywele nzuri za burashi, za baja zikiwemo, zilitoka Urusi na kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Ulaya bara, Wajerumani miongoni mwao, waliozisafisha na kuzichambua kabla ya kuziuza. Vita ikakata njia hiyo. Wakati huo huo mahitaji yakapanda kuliko wakati wowote. Gesi ya sumu ilikuwa imeanza kutumika mwaka 1915, na barakoa ya gesi haikamati vizuri kwenye uso wenye ndevu; askari alitakiwa kunyoa ili aishi. Serikali ya Marekani peke yake iliagiza kwa Gillette nyembe milioni 3.5 kwa ajili ya wanajeshi wake. Wembe mwingi unataka burashi nyingi. Wenye viwanda wakageukia nywele za farasi kutoka Asia, Siberia, China na kwingineko, wakazitia rangi zifanane na za baja, wakaziuza kama jamaa wa baja. Kuziua vijidudu ilikuwa kazi ya gharama na ya kupoteza muda. Wengine waliifanya nusu nusu, wengine hawakuifanya kabisa.

Hebu fikiria, ndugu msomaji. Mtu ameponea handaki, ameponea gesi, anakuja kuuawa na farasi asiyemjua, aliyekufa kwenye majani ya Siberia, na kuletwa hadi shavuni mwake ndani ya kitu cha kupakia povu. Na wembe nao unashirikiana na burashi: wembe unafungua mlango mdogo kwenye ngozi, burashi inasukuma mgeni ndani. Mimi ninayefanya kazi hii kila siku niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga upepo.

Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919, na mwaka 1920 ikapiga marufuku kuingizwa kwa burashi za kunyolea kutoka Japani, ambazo zilikuwa zimekutwa na vijidudu mara nyingi. Mwaka 1921 huko Liverpool kikafunguliwa kituo cha serikali cha kusafisha sufu na nywele kutoka nje kwa dawa ya fomalini. Taratibu kesi zikapungua, na dunia ikasahau. Mimi naona ilisahau haraka mno, lakini labda ni kwa sababu naandika nikiwa na burashi mkononi.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Karagwe ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na kimeta si hadithi katika ukanda huu. Mwaka 2004 kiliua viboko zaidi ya mia mbili katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Mwishoni mwa 2023 Uganda hao hao walithibitisha watu kuugua kimeta wilayani Kyotera, ambayo haiko mbali na mpaka wetu wa Mutukula, na walioathirika zaidi walikuwa watu waliogusa au kula nyama ya ng'ombe waliojifia. Kidudu hiki kikikosa mwili wa kukaa hujifungia ndani ya ganda gumu mfano wa mbegu, na kinaweza kungoja ardhini au kwenye ngozi na nywele miaka kwa miaka. Aliyeeleza kwanza siri hiyo ya ganda alikuwa Robert Koch, Mjerumani, mwaka 1876. Mwaka huo huo Stanley alikuwa mgeni wa Rumanyika hapa kwetu, na miaka thelathini baadaye, mwaka 1906, Koch mwenyewe alikuja kwenye ziwa letu, visiwa vya Ssese, kuchunguza malale. Ulimwengu ni mdogo kuliko tunavyofikiri.

Nisieleweke vibaya. Burashi ya baja ya leo kutoka kiwanda kinachoeleweka haina kimeta. Nywele zinasafishwa, na kesi za namna ile zimekuwa adimu sana. Sikuwa na hofu ya kumuua mteja. Kilichonisumbua ni kile kile cha yule mzee: kwamba kwa ile burashi ya mpini mweupe, nikiulizwa swali la pili na la tatu, sina jibu.

Burashi ya pili nayo ina historia yake, ingawa fupi. Mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, kundi la Wallace Carothers lilitengeneza uzi ambao haukutoka kwa mnyama wala mmea, nailoni. Watu wengi wanajua habari za soksi za akina mama. Lakini soksi hazikuwa za kwanza. Bidhaa ya kwanza ya nailoni kufika dukani ilikuwa mswaki, mwaka 1938. Kabla ya hapo miswaki ya viwandani ilitengenezwa kwa nywele za nguruwe, nyingi kutoka China. Sisi Waafrika wenye miswaki yetu ya mti, nadhani hapo tulikuwa mbele yao. Carothers hakuuona mswaki wake. Alijiua mwaka 1937.

Kwenye burashi za kunyolea nailoni ilichelewa kupendwa, na wazee wana haki yao. Nyuzi za mwanzo zilikuwa nene, ngumu, haziwezi kukaa na maji. Babu alijaribu moja zamani akaitupa. "Ile ni ya kusugulia sakafu," anasema hadi leo. Ni miaka ya karibuni tu ndipo viwanda vilipoweza kutengeneza nyuzi nyembamba sana zenye ncha laini, na hizo kwa kweli mtu akifumba macho anaweza kudanganyika. Hazinywi maji kama nywele. Kwa hiyo sabuni kidogo inatosha, na zinakauka upesi, jambo ambalo kinyozi wa mvua za Karagwe analifahamu thamani yake.

Lakini nilipomwambia Babu kwamba naelekea kwenye ile ya plastiki, alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo. Alisema mtu anakuja kwangu ananipa uso wake, mimi nampa fagio. Nikamweleza ya kimeta. Akasema hayo ni ya vita ya Wazungu. Nikamweleza ya yule mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wateja wengine mbona hawajauliza. Nikakosa cha kusema. Jioni hiyo hatukuongea zaidi.

Siku ya pili yake ndipo aliponisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi waliothibitishwa Tanzania walionekana mkoani kwetu, katika hospitali ya Ndolage. Kabla watu hawajajua ni nini waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Miaka iliyofuata Kagera ilizika. Mimi sikuwapo, nimezaliwa baadaye, lakini kila ukoo huku una majina yake. Babu anasema kinyozi aliyaona mambo kabla ya wengi, kwa sababu nyuso zilizokuwa zikija kila wiki zilianza kukonda mikononi mwake, halafu zikaacha kuja. Yeye alikuwa na wembe mmoja wa kukunja, anaunoa kwenye mkanda, unapita kwa wote. Na burashi moja.

Siku moja alikuja rafiki yake, mtu waliyekua pamoja, akakaa kwenye kiti na kutoa mfukoni wembe mpya ndani ya karatasi yake. Hakusema neno. Babu akauchukua, akauvalisha, akamnyoa. Alipoinua burashi kumpaka povu, yule rafiki akageuza uso pembeni. Babu anasema ule uso ulivyogeuka anauona mpaka leo, pamoja na macho yake haya mabovu. Alidhani ametukanwa. Jioni akaiweka burashi kwenye kopo la kahawa na kulifunga, hakuitumia tena kwa wateja miaka mingi. Aliirudisha baadaye sana, hofu ilipopungua na kila mteja akawa na wembe wake mpya.

Sasa, Ukimwi hauenezwi na burashi. Unapita kwenye damu, na wembe wa kushirikiana ndio uliokuwa wa kuogopwa. Hayo tunayajua leo. Hata hivyo yule rafiki hakuwa mjinga. Burashi inayotoka kwenye shavu lenye mkwaruzo na kuingia kwenye shavu jingine inaweza kubeba mengine. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi nje ya mwili siku saba na zaidi. Fangasi za ndevu nazo hazihitaji hata mkwaruzo.

"Kwa nini ulidhani amekutukana, Babu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu sikuwa na la kumwambia," akasema. "Angeniuliza hii ni safi, ningesema nini? Niliijua ni safi kwa sababu ni yangu."

Kesho yake niliitoa ile ya nyuzi kwenye karatasi. Ninaiosha kwa maji ya moto na sabuni baada ya kila mtu, kisha inalala kwenye dawa, kisha inaning'inia kichwa chini. Ukiipika hivyo kila siku burashi ya nywele, inakauka na kukatika kama nyasi za kiangazi, hii inavumilia. Binamu yangu akaniletea nyingine tatu, ili moja ikiwa kwenye dawa nyingine iwe kazini. Bei ya ile moja ya baja. Wateja wawili walilalamika kwamba povu si lile la zamani. Mmoja amezoea. Mwingine nampaka kwa mkono.

Ile ya mpini mweupe nilimrudishia binamu, akaiuze anakojua.

Yule mzee alirudi baada ya wiki tatu. Shikamoo, marahaba, akakaa, nikamfunga taulo. Nilipoinua burashi mkono wake ukainuka tena, na mimi nikasubiri aulize.

"Nywele za mnyama gani?"

"Hazina mnyama, waitu. Ni nailoni, plastiki ya kiwandani. Hiyo hapo, ishike."

Akaishika. Akaipitisha kwenye kiganja, akaivuta ncha, akainusa. Nje Babu alikuwa amepunguza sauti ya redio. Mzee akanirudishia burashi, akaegemeza kichwa nyuma na kufumba macho.

"Haya, paka."

Babu hajanipa kauli yoyote mpaka leo. Ila juzi aliingia ndani, akakaa kwenye kiti bila kusema anataka nini, nikampaka povu kwa burashi mpya, nikamnyoa kidevu. Alipomaliza akaniuliza ile yake ya zamani iko wapi. Nikaitoa kwenye droo. Akatoka nayo hadi kwenye benchi, na nilipochungulia alikuwa anaitumia kufuta vumbi kwenye redio, taratibu sana, kuzunguka vifundo vyote.